Springi za Pikapu kwa Mwenye Fedha Chache

Msimu wa machungwa unapopamba moto katika wilaya ya Muheza, mtu aliyesimama kando ya njia itokayo mashambani huona, kabla ya jua kuchwa, pikapu zikipita moja baada ya moja zimekaa kitako, pua juu na mkia chini, taa zao zikimulika matawi ya miembe badala ya barabara, na ekseli ya nyuma ikigonga chasisi kila gurudumu lizamapo shimoni, kwa mshindo ambao dereva amekwisha uzoea hata hausikii tena. Wenye vyombo hivyo si watu wazembe. Aghalabu ni wakulima na wachuuzi ambao gari ndiyo rasilimali yao kubwa, pengine kuliko nyumba wanayolala, na wanapofika kwa fundi neno lao huwa moja: gari limelegea, ongeza bamba. Bamba huongezwa, fedha hulipwa, mkia huinuka, na mwenye gari huondoka na furaha ambayo mara nyingi haidumu hata msimu wa pili. Mimi ni mmoja wa waliopita njia hiyo, na nimepata kusadiki, kwa hasara na kwa kusoma, kwamba sehemu kubwa ya fedha zinazotumiwa kukazia springi za pikapu huelekezwa mahali pasipo na ugonjwa, na kwamba mwenye mfuko mdogo ndiye mwenye haja zaidi ya kujua uzito wa shehena yake na asili ya udhaifu wa gari lake kabla hajatoa shilingi ya kwanza.

Springi ya mabamba ni kitu cha kale kuliko gari lenyewe. Obadiah Elliott, mtengeneza magari ya farasi wa London, alipata hataza mwaka 1804 kwa ajili ya springi za mabamba yaliyopindwa mfano wa upinde, na tangu siku hizo hadi Hilux ya kwanza ilipotoka katika kiwanda cha Hino huko Japani mwaka 1968, na hata leo, nyuma ya pikapu za mizigo haijaacha asili hiyo, kwa sababu iliyo dhahiri: fungu moja la feleji hufanya kazi tatu kwa pamoja, kubeba uzito, kuishika ekseli mahali pake isiende mbele wala nyuma, na kupunguza mtikisiko kwa msuguano wa bamba juu ya bamba. Tena hutengenezeka chini ya mwembe kwa nyundo, jeki na spana mbili. Hiyo ni neema kubwa kwa nchi zetu, ila ndiyo pia iliyowafanya watu wengi wadhani kwamba kitu kinachofunguka kwa wepesi hakina hesabu ndani yake.

Hesabu imo, na chanzo chake ni kwamba pikapu huishi maisha mawili. Asubuhi hushuka tupu, dereva na utingo wake tu. Jioni hupanda na tani nzima mgongoni. Na springi ni zilezile. Tuchukue mfano. Tuseme springi za nyuma hubeba kilo 500 gari likiwa tupu na kilo 1,500 likiwa na shehena, na kwamba kwa uzito huo wa pili hunywea milimita 150. Kwa kanuni aliyoitangaza Robert Hooke mwaka 1678, kwamba mnyumbuko wa springi huenda sambamba na nguvu inayoikandamiza, gari tupu litazinywesha milimita 50 tu. Kutokana na tarakimu hizo mbili hupatikana mwendo wa kuruka kwa mkia: wenye mzigo utapanda na kushuka mara 1.3 hivi kwa sekunde, mwendo mpole ambao kiuno cha abiria huuvumilia kutwa nzima. Ulio mtupu utaruka mara 2.2, na hapo ndipo utingo anapoinuliwa kutoka bodini kwenye kila tuta, na magurudumu ya nyuma yanapoiacha ardhi kwenye barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati. Kila bamba linaloongezwa ili kumsaidia yule mwenye mzigo wa jioni humwadhibu msafiri wa asubuhi. Hakuna ufundi wa bei nafuu unaoweza kuiondoa tofauti hiyo; kinachowezekana ni kuchagua mahali pa kusimama baina ya ncha hizo mbili, na uchaguzi huo haufanyiki bila mizani.

Sasa lije suala la bamba lenyewe, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye utajiri wa mafunzo kupita yote. Ugumu wa bamba hufuata upana wake kwa uwiano wa moja kwa moja, lakini hufuata unene wake kwa kipeo cha tatu. Fikiri fungu la mabamba 5, kila moja lina unene wa milimita 7. Ukiongeza la sita la unene uleule na urefu unaokaribiana, ugumu wa fungu huzidi kwa sehemu moja katika tano, na hilo ni jambo la kiasi. Lakini fundi akikosa bamba la milimita 7, akachomoa katika rundo lake bamba la lori lenye milimita 10, akalikata kwa kipimo na kuliingiza, basi bamba hilo moja huhesabika kama karibu matatu ya asili, na ugumu wa fungu hupanda kwa asilimia 58 hivi. Mteja ameomba bamba moja, amelipia bamba moja, naye ameondoka na karibu matatu. Fauka ya hayo, mabamba yanayopindwa pamoja hupata mkazo kwa kadiri ya unene wao, kwa hiyo lile nene, likilazimishwa kupinda sawasawa na wenzake wembamba, hulemewa kuwashinda, na mara nyingi ndilo linalotangulia kukatika, hasa pale kwenye tundu la senta bolti, ile inayoyafunga mabamba pamoja katikati, ambapo chuma kilitobolewa kikapungukiwa nguvu. Anayetaka kuongeza bamba na achukue kaliba kwanza, apime yaliyomo, kisha atafute lenye unene uleule au pungufu, lililopindwa zaidi kidogo kuliko wenzake ili libane vizuri, na alifanye refu kadiri inavyowezekana, kwani bamba fupi huacha ukingo mkali ambao hulichimba bamba la juu yake mfereji mdogo. Na ukiona mfereji huo kwenye springi ya zamani, uking'aa kama umesuguliwa kwa tupa, umekwisha kuona mahali litakapokatikia.

Mimi sikupima kitu. Nilikuwa nimenunua Hilux iliyotumika, mkia umelala, na fundi mmoja akaniwekea mabamba mawili mazito kila upande katika muda wa asubuhi moja. Gari liliinuka kwa uzuri wa kupendeza. Wiki ya pili nilipanda njia ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, nikapakia ndizi na magunia ya viungo, nikaanza kuteremka. Na katika kona za chini niliona pedali ya breki inazama zaidi ya desturi, kisha nikasikia harufu ya breki za mbele zikiungua. Nilisimama, nikaweka mawe chini ya magurudumu, nikangoja zipoe, na nilifika Muheza usiku kwa gia ya kwanza na ya pili. Nilidhani ni mafuta ya breki. Aliyenifumbua macho ni fundi mwingine, mzee wa makamo, aliyelala chini ya gari kwa dakika chache tu, kisha akaniita, "Njoo hapa, kaka, uone," akaonyesha kwa kidole ufito mwembamba wa chuma unaotoka kwenye ekseli hadi kwenye vali ndogo iliyofungwa chini ya chasisi.

Vali hiyo, ambayo Hilux nyingi za miaka iliyopita zinayo, huyagawa mafuta ya breki kwa kadiri ya mzigo. Mkia ukishuka, ufito huisukuma vali, nayo huruhusu nguvu zaidi iende nyuma. Mkia ukipanda, vali husadiki kwamba gari ni tupu, ikapunguza nguvu ya nyuma ili magurudumu mepesi yasigande na kuteleza. Mabamba yangu mawili yaliuinua mkia hata ukiwa na shehena, na vali, kwa uaminifu wake, ikazinyima breki za nyuma kazi yao, mzigo wote wa kusimamisha tani mbili na nusu mlimani ukaangukia za mbele. Dawa yake ilikuwa kurekebisha urefu wa ufito mpaka vali irudi katika kipimo chake. Haikugharimu ila muda. Nalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu kila mtu anayeinua nyuma ya pikapu ya namna hiyo, kwa bamba, kwa shakeli ndefu (kiungo kati ya jicho la springi na chasisi) au kwa njia yoyote, huigusa breki yake bila kujua, na sijawahi kumsikia fundi wa springi akimwambia mteja.

Baada ya breki tuje kwenye shokapu, ambazo watu huzilaumu kwa kazi isiyo yao. Shokapu haibebi uzito. Ni bomba la mafuta na pistoni yenye matundu madogo, na kazi yake ni kuugeuza mruko wa springi kuwa joto, ili gari lililoruka mara moja lisiendelee kuruka. Ukizidisha ugumu wa springi ukaziacha shokapu kongwe, umemwongezea farasi nguvu na kumpunguzia hatamu, kwani springi ngumu hurudi kwa kishindo zaidi na huhitaji kizuizi kikubwa zaidi. Kinyume chake, pikapu nyingi zinazosemwa kuwa zimelegea, zikibadilishiwa shokapu peke yake, hurudi kutulia kiasi cha kumfanya mwenyewe aone haya kwa mabamba aliyokusudia kuyanunua. Na kuzijaribu hakuhitaji mashine. Njia ya kusukuma kona ya gari kwa mikono na kuhesabu miruko hufaa kwa gari dogo, lakini springi za pikapu tupu ni ngumu mno kwa jaribio hilo. Iliyo bora ni hii: endesha gari kilomita 10 au zaidi kwenye barabara mbovu, simama, kisha gusa kila shokapu kwa nyuma ya vidole, kwa hadhari. Inayofanya kazi itakuwa ya moto. Ikiwa tatu zina moto na moja ni baridi, hiyo baridi imekufa, hata kama imepakwa rangi mpya na haivuji tone.

Shokapu zilizotumika, zile zinazouzwa kwa marundo pamoja na vipuri vingine vya magari yaliyovunjwa, sizishauri kwa hali yoyote. Mafuta na mpira huzeeka hata vikiwa vimelala. Springi zilizotumika ni jambo jingine. Feleji haiozi upesi, na fungu zima la asili kutoka kwenye gari la namna ileile lililokuwa limeagizwa kwa kazi nzito, likikaguliwa kwa brashi ya waya bamba kwa bamba kutafuta nyufa, na tao la kulia likalingana na la kushoto, aghalabu huwa ununuzi wa busara kuliko mabamba ya kuokoteza. Mjini Dar es Salaam mtu atakwenda Gerezani, na Nairobi watamwelekeza barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Aende na kaliba yake, utepe wa kupimia, na picha ya springi zake mwenyewe.

Lakini kabla ya shokapu na kabla ya springi kuna bushi, na hapa ndipo fedha kidogo huzaa sana. Bushi ni mpira mdogo uliokaa katika jicho la springi na katika shakeli. Ukiisha, ekseli hupata nafasi ya kutembea, gari huvuta upande, mlio wa chuma hutoka kila unapobadili gia, na dereva husema springi zimekufa. Chukua mtaimbo, uupitishe baina ya shakeli na jicho la springi, usukume. Bushi nzima haitakubali ila kidogo sana. Bushi iliyoliwa itaonyesha pini imeegemea upande mmoja, na tundu lililokuwa duara limekuwa mfano wa yai. Fundi na asikubali kuirudisha pini ya zamani yenye mfereji, maana bushi mpya juu ya pini iliyoliwa haimalizi msimu. Na kuna jambo moja ambalo ni la bure kabisa nalo hukosewa kila siku: bolti za bushi za mpira zisikazwe kwa mwisho gari likiwa juu ya jeki. Zishikizwe tu, gari lishushwe, litikiswe likae katika kimo chake, ndipo zikazwe. Vinginevyo mpira hufungwa ukiwa umesokotwa, nao hujipasua wenyewe kabla ya barabara kuupasua.

Kuna njia ya kale ya kuzirudishia springi tao lake, yaani kuyapinda mabamba upya, nayo ina hatari iliyojificha. Feleji ya springi ilipata sifa yake kiwandani kwa moto wa namna mbili: ilipashwa mpaka ikawa nyekundu, ikazamishwa katika mafuta, ikawa ngumu lakini ya kuvunjika, kisha ikapashwa tena kwa moto mdogo ili ugumu ule upate unyumbufu. Fundi anayelipasha bamba kwa makaa, akalipinda na kuliacha lipoe kwa upepo, amefuta kazi ya mioto yote miwili. Bamba litapendeza jioni na litalala baada ya safari chache. Akilizamisha katika maji, litakatika kama kigae. Anayelipinda likiwa baridi, kwa mapigo mengi madogo juu ya fuawe kutoka ncha hadi ncha, hufanya kazi ya heshima, ijapokuwa nayo hurudi nyuma kidogo kwa muda, na springi iliyochoka sana haitapona kwayo. Kuchomelea bamba lililokatika kwa umeme ni kujitafutia ajali. Hilo lililokatika mpelekee mhunzi. Atalifanya panga au jembe zuri, kama wahunzi wetu wanavyofanya tangu magari yalipofika.

Shakeli ndefu na vipande vya chuma vinavyowekwa baina ya ekseli na springi havinishughulishi sana. Huinua gari, haviongezi uwezo wa kubeba hata kilo moja, na shakeli hutoa nusu tu ya kimo kilichoongezwa katika urefu wake. Hubadili pembe ya ekseli, propela shafti huanza kutetemeka, na gari lenye kimo huwa jepesi kupinduka. Kwenye ekseli ya mbele inayokata kona, vipande hivyo visiwekwe kamwe. Mbele pia kuna tofauti za vizazi: Hilux za zamani za magurudumu yote zilikuwa na ekseli nzima juu ya springi za mabamba, baadaye zikaja fito za feleji zinazosokotwa, na kizazi cha saba kilichoanza kutengenezwa mwaka 2004 kina koili. Mwenye fito asidanganywe na bolti ya kuzikazia, kwani kuizungusha hupandisha pua bila kuongeza ugumu wa fito, hulinyima gurudumu nafasi ya kushuka shimoni, na hukunja shafti za mbele kwa pembe inayozila.

Yote haya yanategemea jambo ambalo ni wachache wanaolifanya, nalo ni kupima. Mifuko 20 ya simenti ni tani moja. Tangi la maji la lita 1,000 ni tani moja, na maji yakianza kucheza ndani yake humshinda hata dereva hodari. Mita moja ya ujazo ya mchanga mbichi haipungui tani 1 na nusu, na bodi iliyojazwa hadi ukingoni huikaribia mita hiyo. Tenga moja la machungwa likiwekwa juu ya mizani ya dukani, matenga mengine yatajihesabu yenyewe. Mtu akishajua kwamba anabeba kilo 800 kwa desturi, na kwamba gari lake liliundwa kubeba tani moja, amepata yakini kwamba hahitaji springi ngumu zaidi ila anahitaji springi zake zirudishwe katika afya yao. Akikuta anabeba tani 1 na nusu, hakuna bamba litakalomwokoa, kwani fani za magurudumu, breki, ekseli na chasisi vilibaki vilevile. Mabamba yanapokataa kupinda, kitakachopinda ni chasisi, na ufa huonekana nyuma tu ya kabini, kwanza kama uzi wa kutu chini ya rangi. Ni heri safari mbili. Na mzigo uliopangwa ukaegemea mbele, karibu na kabini, hupunguza mkia kulala kwa kiasi ambacho watu wengine hulipia fedha. Upepo wa matairi nao ufuate mzigo: upunguzwe gari likiwa tupu, uongezwe kabla ya kupakia, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango.

Nami gari langu nililirudisha kwa utaratibu huo. Mabamba mawili mazito ya kila upande yalitolewa. Bushi zote 12 za nyuma zikabadilishwa pamoja na pini zake, shokapu 4 mpya zikafuata baada ya mwezi, fedha zilipopatikana, na mwisho kabisa likaingia bamba moja la milimita 7 kila upande. Nilinunua yubolti mpya, zile zinazoifunga ekseli kwenye springi, kwa sababu za zamani hurefuka zikishakazwa mara moja na nati zake hazishiki tena kwa nguvu ileile, na yubolti inayolegea ndiyo inayoikata senta bolti na kuiachia ekseli iende kando. Baada ya kilomita 500 nilirudi nikazikaza upya. Mbili zilikubali robo mzunguko. Kisha nikapima kwa utepe, gari tupu, kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, nikaandika tarakimu nne kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha kisanduku cha mbele, pamoja na tarehe. Kila baada ya miezi mitatu huzipima tena.